Kimya cha Rada

Mwanzoni mwa Septemba 2020, katika mtaa wa Mar Mikhael jijini Beirut, umati uliombwa unyamaze na uzime simu. Mwezi mmoja ulikuwa umepita tangu tani zipatazo 2,750 za amonia naitreti zilipuke bandarini na kuua zaidi ya watu 200. Mbwa aitwaye Flash, wa kikosi cha waokoaji wa kujitolea kutoka Chile, alikuwa amesimama mbele ya jengo lililoporomoka na kutoa ishara anayoitoa akinusa mtu. Vikaletwa vifaa. Vifaa vikatoa namba.

Pumzi 18 kwa dakika.

Nilikuwa mmoja wa wale waliofuatilia habari hiyo wakiwa mbali, simu mkononi hadi usiku wa manane. Usiku wa kwanza kazi ikasimamishwa kwa kuhofia ukuta ungewaangukia waokoaji. Wakazi wakaja juu, wengine wakitaka kuingia kuchimba wenyewe, na kazi ikaendelea. Siku iliyofuata namba ikashuka, zikawa pumzi 7. Jumamosi, baada ya siku tatu za kuinua jiwe moja moja, kiongozi wa kikosi akatangaza kwamba hapakuwa na aliye hai. Akaongeza jambo ambalo wengi walilipita haraka: pumzi na mapigo ya moyo yaliyonaswa Ijumaa yalikuwa ya waokoaji wenzake, waliokuwa wamekwishaingia ndani ya kifusi.

Nilidhani nimeshalisahau tukio hilo. Kisha wiki kadhaa zilizopita nikasoma tangazo la rada ya kutafutia watu waliofukiwa. Lilidai kwamba ndani ya dakika chache mwokoaji atajua kama chini ya miguu yake kuna mtu hai au hakuna.

Nusu ya kwanza ya dai hilo naiamini. Nusu ya pili imenikwama kooni tangu siku hiyo.

## Kifua kinachosogea

Kabla ya kulalamika, ni haki kusema kwamba kazi yenyewe ni ya ajabu.

Antena hurusha mawimbi ya redio kuelekea kwenye kifusi. Kila kitu kinayarudisha kwa kiasi fulani: zege, tofali, kabati, meza, mtu. Vyote hivyo vimetulia isipokuwa mtu, kwa sababu mtu anapumua. Kifua chake hupanda na kushuka milimita kadhaa, na moyo unapodunda huisukuma ngozi kwa kiasi kidogo zaidi, sehemu tu ya milimita. Tuchukue mawimbi ya gigahezi 3, ambayo urefu wake ni sentimita 10. Ngozi ikisogea nusu milimita, safari ya wimbi ya kwenda na kurudi hubadilika kwa milimita 1, yaani asilimia 1 ya urefu wa wimbi. Kwenye duara la digrii 360 hiyo ni digrii 3.6.

Hicho ndicho kifaa kinachokitafuta.

Na kinakitafuta ndani ya makelele. Mwangwi unaotoka juu ya kifusi ni mkubwa mno kuliko ule wa kifua kilicho mita tatu chini; ni kama kujaribu kumsikia mbu katikati ya ngoma. Kun-Mu Chen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, aliyeanza kazi hii miaka ya 1980, alilishughulikia tatizo hilo kwa kutengeneza sakiti iliyozalisha nakala ya mwangwi wa vitu vilivyotulia, ikaigeuza kinyume na kuufuta mwangwi huo kwayo. Kinachobaki ni kile kinachosogea. Leo hesabu hiyo hufanywa na programu, lakini wazo ni lilelile: ondoa kila kitu ambacho hakisogei, kisha uone kama kuna kinachokataa kuondoka.

Halafu subiri. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukipima kwa sekunde kumi unapata pumzi mbili au tatu, na pumzi mbili hazitoshi kuonyesha mpangilio wowote. Ndiyo maana kazi hii inadai watu wakae mbali na mashine zizimwe. Subira hapa ni sehemu ya kipimo chenyewe.

## Wanaume wanne wa Chautara

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Nepal, na unastahili kutajwa. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliipiga nchi hiyo na kuua karibu watu 9,000. Vifaa viwili vya majaribio vilipelekwa huko, vya aina inayoitwa FINDER, iliyobuniwa na maabara ya NASA ya JPL kwa kushirikiana na Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Katika mji wa Chautara, wilaya ya Sindhupalchok, vifaa hivyo vilionyesha mapigo ya moyo chini ya majengo mawili yaliyoanguka. Wanaume wanne wakatolewa wakiwa hai, wengine wakiwa wamefukiwa karibu mita tatu chini.

Ninapenda kwamba wazo hilo lilitoka JPL. Hawa ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuchambua mawimbi hafifu kutoka vyombo vilivyo huko mbali angani, na siku moja wakaielekeza akili ileile chini ya miguu yao. Ninapenda pia kwamba nguvu inayorushwa ni ndogo sana, karibu sehemu moja ya elfu ya ile ya simu ya mkononi, kwa hiyo anayemulikwa hadhuriki.

Wabunifu walisema kifaa kinaweza kunasa mapigo ya moyo kupitia mita 9 za kifusi, au mita 6 za zege gumu.

Hapo nikaanza kuuliza maswali. Kifusi gani?

Wanaume wa Chautara walikuwa chini ya matofali, udongo na mbao. Vitu hivyo havina nondo. Sasa fikiria jengo la ghorofa nyingi lililokaa chini, sakafu juu ya sakafu, na kila sakafu ina wavu wa nondo ndani yake. Chen na wenzake walilijaribu jambo hili na mwaka 2000 wakachapisha matokeo ninayoyapenda kwa sababu hayana majivuno. Mawimbi ya megahezi 1150 yalipenya kirahisi zaidi kwenye kifusi chenye zege lililowekewa waya zilizoachana kama sentimita 10. Mawimbi ya megahezi 450, ambayo ni marefu zaidi, yanaweza kwenda ndani zaidi, lakini pale ambapo hakuna waya. Yaani yale yanayosifika kwa kufika mbali ndiyo yanayozuiwa na wavu. Yale yanayopita kwenye matundu ya wavu ndiyo yanayochoka mapema.

Na hapo bado hatujataja maji. Bomba likipasuka zege hulowa, na maji hunyonya mawimbi haya. Bado hatujataja mabati, mlango wa chuma, jokofu lililoanguka kwa ubavu. Mtu aliyekingwa na bati huenda ameokolewa na bati hilohilo asije akapondwapondwa na zege, na papo hapo bati limemficha kabisa asionekane na rada.

Jambo hilo lilinikalisha. Kinachomkinga mtu asife kinaweza kuwa ndicho kinachomkinga asipatikane.

## Mshika kifaa naye anapumua

Nirudi kwenye namba 18. Iko ndani ya mpumuo wa kawaida wa mtu mzima aliyetulia. Ndiyo maana ilituaminisha wengi. Lakini kwa sababu hiyohiyo, ingeweza kuwa ya kifua cho chote.

Ni haki nieleze kwamba habari za Beirut zilivitaja zaidi vifaa vya kusikiliza na vya kupima joto kuliko rada. Hilo haliisaidii rada hata kidogo. Kifaa chenye wepesi wa kuhisi pumzi ndani ya kifusi kina wepesi wa kuhisi pumzi ya aliyekishika, ya mwenzake aliyejibanza nyuma ya ukuta, na ya askari anayezuia watu wasisogee. Antena haitazami upande mmoja tu. Mawimbi kidogo huvuja ubavuni na nyuma, na mwangwi wake hurudi ukiwa umegonga kuta mbili tatu njiani. Nyaya zinazoning'inia na kupepea nazo husogea.

Panya je? Watu wa JPL walieleza kwamba kifaa chao hutofautisha mpumuo na mapigo ya binadamu na ya viumbe wengine kama panya, na hilo linaeleweka, kwa kuwa moyo wa panya unakimbia kupita kiasi. Lakini mwokoaji hatofautiani na mwokolewa. Wote wawili ni watu.

Rada za kisasa zinazorusha mipigo mifupi sana ya mawimbi mapana, yaani yenye masafa mengi kwa pamoja, husaidia hapa, kwa sababu hutoa na umbali. Mawimbi yenye upana wa gigahezi 1 hutenganisha vitu vilivyoachana sentimita 15 hewani. Kwa hiyo unaweza kuiambia programu: puuza chochote kilicho ndani ya mita moja. Vizuri. Ila umbali huo unahesabiwa kutokana na muda, na mawimbi hutembea polepole zaidi ndani ya zege kuliko hewani. Kifusi ni mchanganyiko wa zege, hewa, udongo na maji ambao hakuna aliyeupima kabla. Skrini inaposema mita nne, hayo ni makadirio yaliyovaa suti.

## Kosa moja, bei mbili

Mwanzoni nilikuwa na msimamo mwepesi: "yupo" ya uongo haina hasara kubwa. Watu wanachimba, hawampati mtu, wanasikitika, wanakwenda nyumbani. "Hayupo" ya uongo ndiyo inayoua.

Msimamo huo haukudumu.

Fikiria saa za kwanza. Wengi wanaotolewa hai hutolewa siku ya kwanza na ya pili, na baada ya saa 72 idadi hushuka vibaya. Majengo yaliyoanguka ni mengi, waokoaji ni wachache. Kikosi kinachochimba kwa saa sita mahali pasipo na mtu ni kikosi kilichokosekana mahali penye mtu. Hapo "yupo" ya uongo inaua pia, ila inaua mtaa wa pili, na hakuna atakayeandika jina la marehemu huyo karibu na kosa hilo.

Beirut, mwezi mmoja baada ya mlipuko, mambo yalikuwa tofauti. Hapakuwa na kifusi kingine kilichokuwa kikiwangoja wale Wachile. Waliyachezea maisha yao wenyewe chini ya ukuta uliopasuka, na waliucheza moyo wa mji mzima, lakini hawakumnyima mtu mwingine nafasi yake.

Kwa hiyo bei ya kosa inabadilika kadiri siku zinavyokwenda. Na ilipofika hapa ndipo nilipoanza kuelewa kilichokuwa kikinisumbua.

Saa za mwanzo, rada inapanga foleni. Inaulizwa: tuanzie wapi? Ikinyamaza juu ya jengo fulani, jibu lake lina maana ya "si hapa kwanza". Kesho unaweza kurudi. Mbwa anaweza kupita tena. Jirani anaweza kuja kusema alisikia mtu akigonga.

Siku za mwisho, rada inaulizwa swali lingine kabisa: tuingize katapila? Hapo kimya chake kina maana ya "endeleeni". Na katapila likishaingia, hakuna kurudi kesho.

Kimya ni kilekile. Skrini ni ileile.

Ugumu unazidi ukikumbuka nani hufika kwanza. Kobe, Januari 1995, sehemu kubwa ya watu waliotolewa chini ya nyumba zao walitolewa na ndugu na majirani, kwa mikono na zana za nyumbani. Ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Vikosi vyenye vifaa vya bei vinakuja kwa ndege, na ndege inachukua siku. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya saa za mwanzo mara nyingi kinafika kikiwa kimechelewa, na bila mtu yeyote kupanga hivyo, kinajikuta kikifanya kazi ya pili: kutoa ruhusa.

## Siku ya kumi na saba

Rana Plaza, Bangladesh, iliporomoka tarehe 24 Aprili 2013. Watu 1,134 walikufa. Baada ya siku kadhaa mashine nzito ziliingizwa, na kwa zaidi ya wiki moja kazi ikawa zaidi ya kutoa miili. Tarehe 10 Mei wafanyakazi wakasikia mlio wa chuma kikigongwa. Mwanamke mmoja alikuwa akigonga. Mashine zikazimwa, akatolewa akiwa hai.

Seoul, mwaka 1995, duka kubwa la Sampoong liliporomoka tarehe 29 Juni na kuua watu 502. Wa mwisho kutolewa hai alitoka siku 16 baadaye.

Watu wa namna hii ni nadra, na sisemi mashine zisiingie kamwe. Miili nayo ina wenyewe wanaoisubiri, na kuta zilizobaki zinaendelea kuwatishia walio hai. Lakini jiulize rada ingesema nini ingepitishwa juu ya watu hawa siku ya tano, au ya kumi. Nani anayejua alikuwa na nondo ngapi juu yake? Alikuwa na kina gani? Na jambo ambalo matangazo hayalitaji: anayejitolea kulala chini ya kifusi wakati wa majaribio ni mtu mzima wa afya, amelala vizuri, anapumua vizuri. Mtu aliyebanwa kifua na boriti hapumui hivyo. Pumzi zake ni fupi, kifua hakina nafasi ya kupanda. Aliyekosa maji kwa siku nyingi amenyong'onyea.

Anayekihitaji kifaa zaidi ndiye anayekipa ishara hafifu zaidi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha rada kinaweza kuwa na mtu.

## V isiyo na namba

Jumuiya ya vikosi vya uokoaji duniani, INSARAG, iliyoanzishwa mwaka 1991 chini ya Umoja wa Mataifa, ina taratibu ambazo nimezisoma kwa heshima kubwa. Zina filimbi: mlio mmoja mrefu wa sekunde tatu, kila mtu asimame na anyamaze, mrefu mmoja na mfupi mmoja, kazi iendelee, mifupi mitatu, tokeni. Zina pia alama za kupaka ukutani. Pale inapodhaniwa kuna mtu huandikwa V. Ikithibitika kuna walio hai, chini yake huwekwa L na idadi. Walio wafu, D na idadi.

Ninachokipenda ni ile V isiyo na kitu chini yake. Ni nafasi rasmi ya shaka. Inasema huenda yupo, hatujathibitisha, asipite mtu hapa kama vile jambo limekwisha.

Rada nayo ningependa ipewe nafasi kama hiyo. Badala ya taa ya kijani na nyekundu, au neno moja kwenye skrini, anayepima aandike alichokifanya: mawimbi ya megahezi ngapi, dakika ngapi, antena ilikaa wapi, juu ya kitu gani, kama palikuwa na bati au maji, nani alikuwa amesimama karibu na kwa umbali gani. Kisha aandike kina ambacho, kwa kifusi kile, anaamini mawimbi yake yalifika. Kama yalifika mita mbili na jengo lina kina cha mita tano, basi mita tatu za chini hazijapimwa, na anayetia sahihi ya kuingiza katapila azione mita hizo tatu kwenye karatasi kabla kalamu haijagusa.

Rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi wa mitambo aliniambia huko ni kuwaongezea waokoaji makaratasi wakati watu wanakufa. Kwa saa za mwanzo nakubaliana naye. Hapo piga, sogea, piga tena. Lakini siku ya kumi, muda wa kuandika mistari sita upo.

Na watengenezaji nao wana lao. Majaribio yafanywe na kifua cha bandia kinachopumua kidogo, kwa mkato, kimewekwa chini ya zege lililolowa lenye nondo, nyuma ya bati. Yafanywe huku watu wawili wakitembea na kupumua nyuma ya antena, kama ilivyo kwenye kazi ya kweli. Matangazo yote niliyoyasoma yanataja waliopatikana. Ninataka jedwali la waliopitwa: wangapi walikuwa chini, kwa kina gani, na kifaa kikasema hakuna mtu. Atakayeliweka jedwali hilo ukurasa wa kwanza, tangazo lake nitalisoma hadi mwisho.